Gesi ya Kusini haijakaa pangoni, imekaa kwenye mikondo ya bahari ya zamani

Mtu akishajua nimesomea miamba, swali linalofuata mara nyingi ni hili: eti gesi ikiisha kule Songo Songo kisiwa si kitazama? Ukimdodosa anawaza nini unakuta anawaza pango, pango kubwa chini ya bahari limejaa gesi na sisi tumetoboa tundu kwa juu tunavuta taratibu mpaka libaki tupu. Simlaumu hata kidogo, maana habari za gesi hapa kwetu zinakuja na namba tupu, trilioni 57 na ushee za futi za ujazo, mara kitalu namba fulani, mara bomba, basi imeisha hiyo, hakuna anayekaa akaeleza hiyo gesi imekaaje huko chini na kwa nini kisima kimoja kinatoa vizuri alafu cha jirani yake kinasuasua. Na hilo la pili ndo ninalotaka kuliandika leo kwa kirefu, kwa sababu jibu lake sehemu kubwa unaweza ukaliona kwa macho, unahitaji mabuti ya mpira, boti, na mtu anayeijua delta.

Tuanze na pango. Halipo. Kuna mwamba wa mchanga, yaani mchanga wa kawaida kabisa ule wa mtoni au ufukweni, ukazikwa, ukakandamizwa, ukashikana ukawa jiwe, lakini kati ya punje na punje vikabaki vitundu vidogo ambavyo kwa macho huvioni. Gesi iko humo. Mwamba mzuri vitundu vyake vinaweza kuwa asilimia 15 mpaka 25 ya ujazo wote, kilichobaki ni jiwe. Na vitundu peke yake havitoshi, lazima viwe vimeunganika, gesi iweze kutoka kitundu hiki kwenda kile mpaka ifike kisimani, hiyo tunaita upenyezaji. Unaweza kuwa na mwamba umejaa gesi na haitoki, imebanwa humo humo.

Songo Songo, pale Kilwa, gesi iligunduliwa 1974 na kampuni ya mafuta ya AGIP ya Italia, ikakaa chini miaka thelathini hivi mpaka 2004 ilipoanza kusafirishwa kwa bomba kuja Ubungo. Gesi yenyewe ni safi, karibu asilimia 97 ni metheni. Mwamba wake ni mchanga wa mwanzoni mwa enzi ya Kretesiasi, miaka milioni 130 na zaidi huko nyuma, wakati Madagaska bado inajitenga na Afrika, inasogea kusini, na pwani yetu ilikuwa na mito inamwaga mchanga kwenye bahari changa ya kina kifupi. Juu yake baadaye ikaja bahari yenye kina zaidi ikatandaza matope mengi, na matope hayo ndo kifuniko kinachoizuia gesi isipande ikapotea.

Nikisema bahari ya kina kifupi namaanisha kuanzia pale mto unapokutana na maji ya chumvi mpaka nje kwenye kina cha mita mia moja, mia mbili hivi, kabla sakafu haijaporomoka kwenda kilindini. Hapo kuna nguvu tatu zinagombania mchanga mmoja. Mto unauleta, mawimbi yanautandaza ukingoni mwa pwani, na maji kujaa na kupwa yanauchimba na kuusukuma ndani nje, ndani nje. Pale mawimbi yanaposhinda unapata shuka pana la mchanga msafi, kilometa na kilometa, na wachorongaji, yaani wanaotoboa visima, wanafurahi sana. Pale mto na kupwa vinaposhinda unapata mikondo, yaani njia za maji zilizochimbwa kwenye mchanga na tope, kama vile vijito vya delta. Mikondo ni habari nyingine kabisa.

Nenda delta ya Rufiji siku za bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ufike maji yakiwa yanapwa. Pwani yetu bamvua inaweza kushusha maji karibu mita nne, kwahiyo vile vijito ulivyopita asubuhi na boti mchana vinageuka makorongo yenye kuta za tope. Angalia pinda la mkondo. Upande wa nje maji yanakula ukingo, mizizi ya mikandaa inaning'inia hewani na mabonge ya tope yanadondoka mzima mzima, pwaa, ndani ya maji. Upande wa ndani kuna fungu la mchanga linakua, linausogelea mkondo kidogo kidogo kila mwaka. Yaani mkondo hautulii, unatembea kwa ubavu, na unapopita unaacha nyuma yake mchanga ulikokuwa. Lile tambarare lote unaloliona pale limeshapitiwa na mikondo mara nyingi tu.

Sasa shuka kwenye fungu, chukua jembe, kata ukuta wima kama wa goti hivi kwenda chini. Ukiweza kufika chini kabisa, sakafu ya mkondo ni fujo: mchanga mkubwa mkubwa, makombe yaliyovunjika, na vidonge vya tope, yale mabonge yaliyodondoka ukingoni yakabingirishwa mpaka yakawa mviringo. Juu ya hapo mchanga safi umelala kwa matabaka ya mshazari, mengine yanaelekea baharini mengine yanaelekea bara, maana maji yanaenda na kurudi. Na kati ya matabaka, angalia vizuri, kuna mistari myembamba myeusi. Hiyo ni tope. Maji yakishajaa yanasimama kidogo kabla ya kuanza kupwa, na yakishapwa yanasimama tena kabla ya kuanza kujaa, na kwenye huo utulivu tope lililokuwa linaelea linatua, utando wa milimita moja mbili tu, alafu maji yakianza kwenda tena yanaleta mchanga unaufunika. Ndo maana sehemu za mkondo ambazo haziachwi kavu unakuta mistari miwili miwili imekaribiana, mmoja wa kujaa mmoja wa kupwa. Siku za bamvua tabaka la mchanga ni nene, siku za maji mafu ni jembamba, na kwa kuwa huku kwetu maji hujaa mara mbili kwa siku, kutoka bamvua mpaka bamvua ukibahatika unahesabu matabaka 28 hivi. Mimi sijazoea mpaka leo kwamba mpangilio wa namna hiyo unakutwa ndani ya jiwe lenye mamilioni ya miaka, nene nene nyembamba nyembamba nene nene, mwezi ulikuwa unavuta maji vilevile na hakuna binadamu wa kuuona.

Kadiri unavyopanda juu mchanga unazidi kuwa laini, tope linaongezeka, mwisho ni tope tupu lenye mashimo ya kaa na mizizi ya mikoko. Kwahiyo mkondo mmoja uliokamilika, toka chini kwenda juu, unaanza na mchanga mkubwa na unaishia na tope. Usisahau huo mpangilio, tutauhitaji.

Alafu kuna kuhama. Mkondo haufi taratibu siku zote, kuna wakati mto unaamua tu kupita kwingine. Rufiji wenyewe baada ya mafuriko ya 1978 sehemu kubwa ya maji yake ilihamia matawi ya kaskazini, na wakulima wa mpunga wa delta wakalazimika kuyafuata maji baridi huko, maana matawi yaliyoachwa chumvi ilipanda. Mkondo ulioachwa hivo unabaki na maji yaliyolala, tope linatua mwaka baada ya mwaka mpaka linauziba. Na mdomo wa mkondo nao una mambo yake, maji ya mto yakitoka tu nje yanapoteza nguvu yanaangusha mchanga hapohapo, linajengeka fungu la mdomoni, kwahiyo unaweza kuwa na mkondo wenye kina kirefu ndani na mlango wake una kina kifupi. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha Rufiji 1914 kwa kutegemea jambo hilohilo, manowari kubwa za Waingereza zilishindwa kuifuata kwa sababu ya kina, mpaka zilipoletwa meli mbili za mizinga zinazoelea maji mafupi, Severn na Mersey, ndo ikamalizwa Julai 1915.

Kitu cha mwisho kwenye uumbaji wa hii mikondo ni bahari yenyewe kupanda na kushuka. Miaka kama 20,000 iliyopita barafu ilikuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia na usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita 120 hivi. Unguja ilikuwa imeungana na bara, Mafia pia, ungeweza kutembea kwa miguu (Pemba hapana, mlango wake ni wa kina kirefu mno). Mito ikawa inaifuata bahari huko mbali ilikokimbilia, inachimba mabonde kwenye sehemu ambayo leo ni maji. Bahari iliporudi ikayazamisha yale mabonde na kuyajaza, chini mchanga wa mto, katikati mchanga wa mikondo ya kujaa na kupwa, juu matope ya bahari. Bonde lililojazwa hivo, likizikwa kilometa kadhaa, ni mtego mzuri sana wa gesi, mchanga umezungukwa na tope pande zote. Na bahari imefanya huo mchezo mara nyingi katika historia ya dunia, mikondo ya zama moja inachimba juu ya mikondo ya zama nyingine.

Haya, sasa zika vyote hivyo. Milioni za miaka zinapita, gesi inatoka kwenye miamba ya chini zaidi yenye mabaki ya viumbe iliyopikwa na joto, inapanda, inakuta ule mchanga, inaingia kwenye vitundu na kusukuma maji ya chumvi yaliyokuwamo. Kuanzia hapo kila kitu ulichokiona kule kwenye fungu kinaanza kuwa na bei.

Ile sakafu ya mkondo yenye mchanga mkubwa ndo barabara kuu, gesi inapita kwa kasi. Lakini makombe yale yanaweza kuyeyuka na kuganda tena kuwa saruji ya chokaa inayoziba vitundu vyote, kwahiyo barabara hiyohiyo inaweza kugeuka ukuta. Vidonge vya tope navyo vikikandamizwa vinapondeka vinajaza nafasi kati ya punje.

Zile tando nyeusi za milimita moja ndo watu wengi hawazipi heshima yake. Ni nyembamba, ndio, lakini zimelala moja juu ya nyingine kwa mamia, na tope lililogeuka jiwe gesi haipiti kirahisi. Chukua chapati ya kusukuma iliyopakwa mafuta vizuri, ukiichambua inafunguka tabaka kwa tabaka kiulaini kabisa, lakini jaribu kuitoboa toka juu mpaka chini uone. Gesi kwenye mchanga wa mikondo ya bahari inatembea hivo, kwa ubavu inakwenda, kwa wima inasota. Kwahiyo kisima kilichotoboa mita kumi za mchanga wa aina hii hakilingani na kisima kilichotoboa mita kumi za mchanga wa mawimbi, hata kama kwenye karatasi zote mbili ni mita kumi.

Na ule mkondo ulioachwa ukajaa tope, huko chini unakuwa kizibo kinachopita katikati ya hazina. Unachoronga visima viwili, vyote vina gesi, vyote mchanga wa umri mmoja, unadhani ni kitu kimoja, unaanza kuvuta kimoja na presha inashuka, unaenda kupima cha pili presha iko palepale kama vile hakuna kilichotokea. Hapo umeshajua kuna ukuta kati yao. Habari yake ni kubwa kifedha, maana gesi iliyo upande wa pili wa ukuta hutaipata mpaka uchoronge kisima kingine, na visima vya gesi si vya bei ya kisima cha maji. Kuna kinyume chake pia ambacho ni kizuri: mkondo mpya ukichimba vya kutosha unakula lile tope la juu ya mkondo wa zamani, mchanga unakutana na mchanga, vyumba viwili vinakuwa kimoja. Kama mikondo imebanana na kulaliana kiasi hicho una rizava, yaani hazina ya gesi, moja kubwa, kama imetawanyika kila mmoja umezungukwa na matope yake una vijirizava vingi vidogo. Gesi iliyomo inaweza kuwa ileile. Utakayoitoa haitalingana kabisa.

Alafu maji. Chini ya gesi kuna maji ya chumvi yanasubiri. Ukivuta gesi kwa nguvu kwenye mkondo wenye barabara nzuri chini, maji yanaikimbilia ile barabara yanawahi kisimani, na gesi iliyoko kwenye matabaka magumu pembeni inazungukwa inaachwa nyuma, imekwama kwenye vitundu vyake. Hazina ambayo haina maji yenye nguvu, gesi inatoka kwa kutanuka tu presha inaposhuka, unaweza kutoa asilimia 80 na zaidi ya iliyokuwamo. Maji yakiingilia kwa nguvu unaweza kuangukia 60 au hata chini ya hapo. Kwahiyo nikisikia trilioni kadhaa za futi za ujazo redioni ninachojiuliza moja kwa moja ni hizo trilioni ziko kwenye mchanga wa namna gani, na ningependa sana waandishi wetu nao wawe wanauliza hivo kwenye mikutano yao, maana ile namba ya 57 inahesabu gesi iliyoko chini, iliyolala mahali pake, kabla ya kujua ngapi itatoka.

Wataalamu wanajuaje haya yote wakati mwamba uko kilometa mbili tatu chini? Wanashusha kifaa kisimani kinachopima mionzi ya gama ya asili, kwa sababu tope lina potasiamu na thoriamu nyingi kuliko mchanga, basi mchoro unaruka pale penye tope na kushuka pale penye mchanga. Sasa ule mpangilio niliokwambia usiusahau: mkondo unaonekana kwa mchoro unaoanza ghafla na mchanga safi chini alafu unazidi kuchafuka kwenda juu. Fungu la mdomoni liko kinyume, linaanza na tope na kuishia na mchanga mzuri juu, kwa sababu delta inasonga mbele baharini na mchanga wa karibu unakuja kulalia matope ya mbali. Mwanajiolojia Mjerumani Johannes Walther aliliandika hilo 1894, kwamba vitu vinavyokaa ubavu kwa ubavu leo ndo vitakavyokutwa juu na chini kwenye mwamba, kama hakuna pengo kati yake. Pia wanakata kipande cha mwamba chenyewe wanakipandisha juu, na hapo ndo unaona zile tando nyeusi, kwa mkono wako.

Tatizo ni kati ya kisima na kisima. Huko unategemea mitetemo, unapiga mawimbi ya sauti ardhini na kusikiliza yanavyorudi, na mitetemo mizuri ya 3D, yaani ya picha ya pande tatu, inaweza kukuchorea mkondo unavyopinda kama uko juu angani. Ila kwa kina hicho mara nyingi unaona vizuri vitu vyenye unene wa mita 20 na zaidi, kizibo cha tope cha mita tatu kinakupita hivihivi. Ndo maana mtu aliyewahi kutembea delta anasaidia kwenye chumba cha kompyuta, anajua upana wa mkondo wa unene fulani unaweza kuwa kiasi gani, anajua kizibo kinakaa upande gani wa pinda. Hicho kitu programu haikupi bure.

Kusini zaidi kuna Mnazi Bay, gesi iligunduliwa 1982, na AGIP tena, kwenye mchanga wenye umri mdogo zaidi, wa enzi za Oligosini na Maiosini zilizokuja baada ya Kretesiasi, ulioletwa na mto Ruvuma wa zamani. Mchanga wa Ruvuma ulivuka rafu ya bara, ile sakafu ya kina kifupi, ukaporomoka kilindini, na hiyo gesi kubwa ya vitalu vya bahari kuu na ya jirani zetu Msumbiji iko kwenye mchanga wa kilindini. Naomba watu wasichanganye hapa: kisima cha Zafarani, kimoja cha hivyo vya bahari kuu, kimechorongwa kwenye maji yanayozidi mita 2,000, na mikondo ya kilindini inachongwa na maporomoko ya mchanga na tope yanayoshuka mteremko, haijui kujaa wala kupwa kama hii ninayoiongelea.

Mfano wa nchi kavu ninaoufuatilia kwa karibu ni Ntorya, Mtwara. Kisima cha kwanza, 2012, mchanga wa Kretesiasi, kikajaribiwa kikatoa kama futi za ujazo milioni 20 kwa siku. Cha pili, 2017, jirani tu na cha kwanza, kikakuta mwamba wenye gesi wa unene wa takriban mita 50, mnene kuliko wa mwenzake, na kwenye jaribio kikatoa kama milioni 17. Mnene zaidi, na kwa siku kikatoa pungufu kidogo! Jaribio lina mambo mengi, ukubwa wa tundu la kutolea, sehemu gani ya mwamba imetobolewa, kwahiyo sitaki kusema ni mikondo peke yake, lakini unene unaobadilika kiasi hicho kwa umbali mdogo ni jambo ambalo mtu wa delta halimshangazi hata kidogo. Baada ya hapo hawakukimbilia kuchoronga, walifanya kwanza mitetemo ya 3D, 2022, na mimi naona walifanya sahihi. Leseni ya uendelezaji ikaja 2024, na gesi yake ni ya kwenda kwenye kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba kwa bomba la kilometa 30 na kitu.

Nimalizie na Rufiji maana kuna mtu kaniuliza kama mikondo ya leo nayo itakuja kuwa na gesi. Mchanga upo, tope la kufunika lipo, lakini inahitaji kuzikwa kilometa kadhaa, na ili izikwe mto uendelee kuleta mzigo. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na sehemu kubwa ya mchanga uliokuwa unashuka toka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu sasa unatua ndani ya bwawa. Umeme tunauhitaji, sina ubishi na hilo. Ila ningefurahi sana kuona vyuo vyetu vinapima mafungu ya delta kila mwaka kuanzia sasa, yanakua au yanaliwa, kwa sababu wavuvi na wakulima wa mpunga wanaishi juu ya mafungu hayo hayo, na kipimo cha kabla mabadiliko hayajafika kwenye midomo hakitaweza kuchukuliwa tena.